Maswali na majibu: redio za siri na barua za kificho nyuma ya ukuta wa Changi

Makala yangu kuhusu raia waliofungwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili imeniletea maswali mengi kuliko nilivyotarajia. Kwa ambaye hakuisoma: Singapore ilianguka mikononi mwa jeshi la Japani tarehe 15 Februari 1942. Wiki chache baadaye Waingereza na raia wa nchi nyingine zilizokuwa vitani na Japani walitembezwa kwa miguu hadi gereza la Changi, wazee, akina mama na watoto wakiwemo. Gereza hilo lilijengwa kwa ajili ya wafungwa 600 hivi, likasongamanishwa watu wapatao 3,000. Kambi za namna hiyo zilikuwepo pia Hong Kong, Manila, Borneo na kaskazini mwa China. Humo ndani watu walificha redio na kupitisha barua, na wengine walilipa kwa roho zao. Leo najibu maswali niliyoweza.

Msomaji wa Tanga: *Mwalimu, shikamoo. Watu wana njaa, wanaugua, na ukikutwa na redio unauawa. Kwa nini mtu ahatarishe shingo yake kwa ajili ya habari tu? Habari haijazi tumbo.*

Marahaba, mwanangu. Mfungwa aliyehukumiwa na mahakama ana hesabu yake. Kapewa miaka mitano, anachora mistari ukutani, anajua amebakiza mingapi. Watu wa Changi hawakuhukumiwa na yeyote. Walifungwa kwa sababu ya pasipoti zao, na hakuna aliyewaambia ni mpaka lini. Kopo la mwisho la maziwa ulile leo au uliweke? Mtoto anayeumwa atavumilia miezi mitatu au miaka mitatu? Huwezi kujibu bila kujua vita vimefika wapi.

Gazeti lililoruhusiwa, Syonan Times (Syonan ndilo jina ambalo Wajapani waliipa Singapore), lilieleza ushindi wa Japani kila siku. Sasa mtu akinong'onezwa kwamba manowari za kubeba ndege za Japani zimezama Midway mwezi Juni 1942, au kwamba Wajerumani wamesalimu amri Stalingrad mwezi Februari 1943, ndipo anapata pa kuanzia hesabu. Kwake redio ilikuwa ndiyo kalenda. Nami nikiwaza maisha bila kalenda kabisa, naona kwa nini walikubali hatari ile.

Fundi wa Mwanza: *Mimi natengeneza redio tangu enzi za redio za mkulima. Nataka kujua, vipuri walivitoa wapi? Na umeme?*

Swali lako limenifurahisha, fundi, maana jibu lake ndilo linalobeba mengine yote hapa chini.

Makambini kulijaa watu wenye ujuzi. Serikali ya kikoloni ilipofungwa, wahandisi wake, watu wa simu na mafundi umeme walifungwa nayo. Wewe unajua redio ya kupokea tu si kitu kikubwa. Koili unaizungusha mwenyewe juu ya kipande cha mti. Kisikilizio unakipata kwenye simu kuukuu. Waya wa antena unaweza kupita kama kamba ya kuanikia nguo. Ila valvu, ile taa ya kioo iliyonyonywa hewa, hakuna fundi duniani anayeweza kuitengeneza ndani ya selo kwa kisu na mshumaa. Lazima itoke mahali, na betri vivyo hivyo. Kama hukuingia nayo siku ya kwanza, au hukuinyofoa kwenye mashine iliyotupwa, basi mtu wa nje akuletee.

Kwa upande wa umeme, kisa ninachokipenda ni cha Batu Lintang, nje kidogo ya Kuching, Sarawak. Kambi hiyo ilichanganya askari mateka na raia, wakitenganishwa kwa seng'enge. Askari wa Uingereza walitengeneza redio mwanzoni mwa 1943 na kuipa jina la Old Lady, yaani Bibi Kizee. Umeme wa kambi ulipokuwa hautegemeki, wakaunda na jenereta ya kuzungushwa kwa mkono, wakaiita Ginnie. Mtu mwenye misuli aliizungusha usiku kwa kasi isiyoyumba huku mwingine ameinamia kisikilizio. Akilegea, sauti inapotea. Tazama walivyochagua majina: ukisema mbele ya mlinzi kwamba Bibi Kizee leo ana mafua, atadhani unamzungumzia bibi wa mtu. Redio hiyo haikukamatwa hadi vita vikaisha, na habari za kusalimu amri kwa Japani mwezi Agosti 1945 ziliingia kambini kupitia kwake kabla wakuu wa kambi hawajatamka lolote.

Msomaji wa Unguja: *Wakishasikia, wanawaambiaje watu elfu tatu bila askari kugundua? Siri ya wengi si siri.*

Kweli kabisa, na hapo ndipo wengi walipoumia. Wasikilizaji walikuwa wachache, habari ikapita kwa mdomo, na mara nyingi ilikawizwa kwa makusudi ili isijulikane imetoka wapi. Tatizo ni furaha. Mtu mwenye habari njema hajui kuuficha uso wake. Halafu kuna karatasi: ukiandika habari ili usisahau, umejiandikia hati ya mashtaka.

Mfano wa ustadi nautoa Manila. Chuo Kikuu cha Santo Tomas kiligeuzwa kambi tangu Januari 1942, na kilikuwa na vipaza sauti vya kutangazia mambo ya kila siku: foleni, usafi, zamu za kazi. Mtangazaji mmojawapo alikuwa Don Bell, mtangazaji wa redio kabla ya vita. Wajapani walikuwa wakimtafuta kwa jina hilo la hewani, yeye akajiandikisha kwa jina lake halisi. Mwezi Oktoba 1944 majeshi ya Marekani yalitua kisiwa cha Leyte, mbali kusini mwa Manila. Jina la kisiwa hicho linasikika karibu sawa na neno la Kiingereza la kuchelewa. Bell, katikati ya matangazo ya kawaida, akatupia ile methali yao ambayo sisi tungeisema "kawia ufike", ila pale penye neno la kuchelewa akaweka Leyte. Aliyekuwa na masikio alielewa. Askari walisikia methali tu.

Waliokaa pale walilazimika kungoja miezi mitatu zaidi, kwa njaa kali, hadi vifaru vya Marekani vilipovunja lango usiku wa tarehe 3 Februari 1945.

Msomaji wa Mombasa: *Ndugu mwandishi, unawasifu waliokuwa ndani. Hizo valvu na betri alizipeleka nani? Wenyeji wa Singapore hawakuwa na majina?*

Ahsante kwa kuniuliza hivyo. Walikuwa na majina, na mimi nilikosa kuyataja.

Elizabeth Choy alizaliwa Kudat, Borneo ya Kaskazini, mwaka 1910, akawa mwalimu Singapore. Wajapani walipoingia, yeye na mumewe Choy Khun Heng walifungua kantini hospitalini, ambako wagonjwa wa kutoka Changi walipelekwa kutibiwa. Fikiria kantini ya hospitali yoyote unayoijua: chai, mkate, sigara, watu wanaingia na kutoka. Mgonjwa ananunua, anapewa kifurushi. Ndani ya vifurushi vile walipitisha fedha, dawa, barua, na vipuri vya redio. Hakuna aliyewalipa kwa hilo. Wangeweza kuuza chai yao wakakaa kimya hadi vita viishe.

Sasa sikiliza jinsi balaa lilivyokuja, maana halikutokana na kosa lao. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1943 makomando sita waliingia bandari ya Singapore kwa mitumbwi mitatu ya kukunja na kubandika mabomu ya sumaku kwenye meli. Walikuwa wametoka Australia wakiwa ndani ya chombo kidogo cha uvuvi kiitwacho Krait, chini ya Ivan Lyon. Meli saba zikazamishwa au kuharibiwa. Makomando wakatoroka salama, na nchi zao hazikutangaza kitu. Kempeitai, yaani polisi wa kijeshi wa Japani, hawakuweza kuamini kwamba adui ametoka mbali hivyo. Wakaamua kwamba mpango umetoka Changi, na kwamba redio za siri ndizo zilizotumika kuuongoza. Redio zenyewe zilikuwa za kupokea tu.

Asubuhi ya tarehe 10 Oktoba 1943 wafungwa wa Changi waliitwa uani, wakidhani wanahesabiwa. Wakakalishwa hapo siku nzima huku selo zikipekuliwa. Vikapatikana vitu vya redio, fedha, na karatasi zenye habari. Majina yakaanza kusomwa. Katika miezi iliyofuata wafungwa 57 walichukuliwa wakateswa, na 15 kati yao walikufa. Waliochukuliwa ni pamoja na Leonard Wilson, askofu wa Anglikana wa Singapore, na Daktari Cicely Williams, yule aliyeupatia utapiamlo wa watoto jina la kwashakoo katika vitabu vya tiba alipokuwa Gold Coast, Ghana ya leo.

Nyuzi zikafuatwa hadi kantini. Choy Khun Heng alikamatwa kwanza. Elizabeth akaenda mwenyewe kumuulizia mumewe, na baada ya siku chache naye akaitwa. Alikaa mikononi mwa Kempeitai siku kama 200, katika jengo lililokuwa la chama cha vijana wa Kikristo. Selo ilikuwa ndogo, watu zaidi ya 20, wanaume na yeye mwanamke ndani yake. Walitakiwa kupiga magoti tangu asubuhi hadi usiku bila kusema neno. Maji yao yalikuwa bomba moja lililoko juu ya choo. Alipigwa, akatiwa shoti za umeme mumewe akiletwa atazame, ili mmoja wao akubali kwamba walisaidia mashambulizi ya bandarini. Hawakukubali, kwa kuwa halikuwa kweli. Yeye aliachiwa Mei 1944. Mumewe alihukumiwa miaka 12 na kutoka baada ya vita.

Nimesoma habari za watu wengi wa vita ile. Ninayemrudia mara kwa mara ni mama huyu, aliyekuwa nje ya ukuta, mwenye uhuru wa kutojihusisha.

Msomaji huyohuyo, siku mbili baadaye: *Waliomtesa walifanywa nini?*

Machi 1946 Kempeitai 21 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza Singapore. Wanane walihukumiwa kifo, akiwemo mkuu wao, Luteni Kanali Sumida Haruzo. Elizabeth Choy aliombwa ataje watesi wake ili nao wanyongwe, akakataa. Alisema vita ndivyo vilivyowafanya walivyokuwa. Askofu Wilson naye, mwaka 1947, alimpa kipaimara mmoja wa watu waliowahi kumtesa. Kuna wasomaji watakaosema huo ni udhaifu. Mimi nasema watu hawa wawili walikuwa na haki ya kuamua kuliko mimi na wewe.

Msomaji wa Bujumbura: *Hong Kong pia kulikuwa hivyo?*

Kulikuwa hivyo, na mwisho wake ulikuwa mbaya zaidi. Kambi ya raia ilikuwa Stanley, rasi iliyoko kusini mwa kisiwa. Madereva wa lori la chakula walipitisha ujumbe kutoka kwa kundi la kijasusi la Waingereza lililokuwa upande wa China huru. Tarehe 29 Oktoba 1943 wafungwa raia saba waliuawa kwa kosa la redio na ujumbe huo. Mmoja wao, mwanasheria wa serikali John Fraser, aliteswa asitaje wenzake na hakuwataja. Siku hiyohiyo aliuawa Kapteni Mateen Ansari, Mhindi Mwislamu aliyeshawishiwa kwa mateso aisaliti jeshi lake akagoma. Jumla ya waliouawa ilipita 30, na kati yao walikuwemo Wachina na Wahindi wa mjini.

Msomaji wa Kigoma: *Njia gani ya kupitisha barua ilikuwa ya ajabu kuliko zote?*

Ya choo. Katika kambi ya Weihsien, mkoa wa Shandong, Wachina wa nje walioruhusiwa kuingia mara kwa mara walikuwa makuli wa kuzoa kinyesi, maana shambani ni mbolea. Juni 1944 wafungwa wawili, Laurance Tipton na Arthur Hummel, waliruka ukuta wakajiunga na wapiganaji wa msituni wa Kichina. Tangu hapo walikuwa wakiwatumia wenzao habari za vita kupitia makuli wale. Ujumbe uliandikwa kwenye kitambaa chembamba cha hariri, ukaviringwa mpaka ukawa kama punje, kisha kuli akautia mdomoni au puani. Langoni anapekuliwa mifuko. Akifika kwenye shimo la choo anapenga kamasi chini kama mtu yeyote mwenye mafua, anabeba ndoo zake anaondoka. Mfungwa anayesubiri anaokota.

Walinzi hawakuwa na hamu ya kusogelea ndoo zile, na ndiyo maana njia ilidumu. Nikiambiwa nichague kati ya kupokea punje ile na kuipeleka, ningechagua kuipokea. Mfungwa akikamatwa anarudishwa selo, pengine anauawa. Kuli akikamatwa, ana mke na wazazi kijiji cha pili, na askari wanakijua kijiji hicho.

Msomaji wa kike, Lamu: *Wanawake walifanya nini humo ndani? Au walikuwa wakipika tu?*

La hasha, dada yangu. Changi wanawake na watoto walitengwa na wanaume, jengo hili na jengo lile, na mume na mke waliweza kukaa miezi bila kuonana ingawa ukuta ni mmoja. Walitumia saa ya kutoa mapipa ya taka, pale wanaume wa zamu walipokuja kuyachukua, kupeana vijikaratasi. Walikuwa na gazeti lao, Pow-Wow, lililohaririwa na Freddy Bloom, Mmarekani aliyefunga ndoa na daktari wa jeshi siku chache kabla mji haujaanguka. Naye alichukuliwa na Kempeitai.

Lakini kitu ambacho wewe wa Lamu utakielewa kuliko msomaji yeyote ni mifarishi. Mwaka 1942 Mkanada Ethel Mulvany aliwagawia wanawake vipande vya kitambaa, kila mmoja atarizi chake, aweke humo jina lake na kitu chochote kinachomhusu. Vipande 66 vikaunganishwa kuwa mfarishi mmoja. Wakatengeneza mitatu, na kuomba ipelekwe kwa majeruhi hospitalini: mmoja kwa Waingereza, mmoja kwa Waaustralia, mmoja kwa Wajapani. Ule wa Wajapani ndio uliolainisha njia ya miwili mingine. Mlinzi ameona ua, nyumba, ndege, jina la mwanamke. Mume aliyelala wodini amesoma: mke wangu yu hai, mkono wake bado unashika sindano.

Sisi tunaojua kwamba leso ina jina lake, na kwamba mke anaweza kumwambia mume jambo zito kwa kujifunga tu, hatuhitaji kueleweshwa zaidi. Nyuma ya mfarishi wa Wajapani waliandika kwamba unatolewa kwa askari majeruhi kwa kuwaonea huruma katika maumivu yao, na mwaka wakauandika 2602, ambao ni 1942 kwa hesabu ya Kijapani. Mfarishi huo na ule wa Waaustralia umehifadhiwa Canberra, wa Waingereza uko kwa Msalaba Mwekundu London. Ukipata picha yake, usiitazame yote kwa pamoja. Chukua kipande kimoja, usome jina, uangalie mshono ulivyopinda pale uzi ulipokaribia kuisha.

Msomaji wa Voi: *Mzee, mbona unatupeleka mbali? Manyani iko hapa kwetu, na babu yangu alikaa humo.*

Una haki. Manyani haikuwa kambi ya vita vya Wajapani, ilikuwa ya serikali ya kikoloni ya Kenya katika Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita vya Mau Mau, ikajazwa watu tangu 1954 baada ya msako mkubwa wa Nairobi. Ila njia za habari zilikuwa ndugu moja na zile za Changi. J. M. Kariuki, aliyekaa kizuizini tangu 1953 hadi 1960, alieleza kwamba waliokuwa wakisafisha ofisi za wazungu waliokota magazeti na kusikiliza, kisha jioni habari ikasimuliwa kwa wenzao. Habari ya uhakika iliitwa "Manyani Times". Uvumi uliopita kwenye seng'enge uliitwa "Waya Times". Watu wale walijua kutofautisha, na walitaka msikilizaji naye ajue anapewa ipi.

Barua nazo zilitoka. Mwaka 1958 barua ya wafungwa watano wa Lokitaung, jangwani kabisa kaskazini mwa Kenya, ilichapishwa katika gazeti la Observer la London ikilalamikia hali yao. Karatasi haina miguu. Kuna mkono ulioitoa Lokitaung, na mwingine ulioipokea, na mwingine ulioitia posta. Kama babu yako bado yu hai, usimuulize kwanza aliteswaje. Muulize barua zao alikuwa akizichukua nani, kisha uniandikie jina hilo, kama atakuruhusu.